Kadi za Jumamosi kutoka Iringa

Kadi ya kwanza ilifika kwa basi la Jumatano, ndani ya bahasha iliyogandishwa kwa ugali. Iliandikwa kwa mkono wa kupendeza, herufi zimelala upande mmoja kama majani ya mtama: "Tumewasikia vizuri sana, tunashukuru, salamu kwa wote." Tuliipigilia ukutani kwa misumari minne, na siku ile hakuna aliyetaka kurudi nyumbani.

Nieleze kwanza tulikuwa akina nani. Katika miaka ya hamsini pale Mbeya tulikuwa na klabu ya redio yenye watu tisa. Kusikiliza tu kungewatosha watu wengi, lakini sisi tulitaka pia kusema na kusikika. Chumba chetu kilikuwa ghala la zamani nyuma ya gereji, lenye meza moja, viti vya kila aina, na waya mrefu uliotoka dirishani ukafungwa juu ya mkaratusi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya kati. Herufi za nukta na mistari nilijifunza vitani, nilipokuwa askari wa mawasiliano, na niliporudi nyumbani vidole vyangu viliendelea kugonga kila kitu, hata sahani, mpaka mke wangu akaomba nitafute mahali pa kugongea. Mwenye gereji, fundi wa magari kutoka Rungwe, alikuwa mwenzangu wa karibu. Yeye alijua umeme wa magari, mimi nilijua vitabu, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwanafunzi.

Mwenye leseni alikuwa mmoja tu, Mzungu mpima ardhi ambaye sote tulimwita Bwana Mpima. Sheria ilikuwa rahisi. Kusikiliza, sikiliza upendavyo, lakini kurusha sauti hewani kunahitaji mtu aliyefanya mtihani akapewa leseni. Wengine tuliruhusiwa kuongea yeye akiwa ameketi kando yetu. Basi mwaka ule Bwana Mpima akatuambia kazi yake inakwisha Septemba, anarudi kwao na mtambo wake. Siku atakayoondoka, klabu ingebaki na meza na waya wa mkaratusi.

Njia ilikuwa moja. Mmoja wetu afanye mtihani, na klabu iwe na mtambo wake wenyewe, uliokaguliwa ukakubaliwa. Mkaguzi angekuja kutoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti. Wenzangu wakanitazama mimi kwa ajili ya mtihani. Kuhusu mtambo, tulianza kuujenga siku ileile.

Usione kujenga mtambo wa redio ni uchawi. Ni debe la biskuti, vali chache, zile taa za kioo za redio, zilizobaki za jeshi, na waya wa shaba uliozungushwa kwenye kipande cha mwanzi. Ule mzunguko wa shaba ndio unaochagua mahali sauti yako itakapokaa hewani, kama vile mtu anavyochagua ngazi ya sauti kabla ya kuanza wimbo. Lazima ukae palepale ulipochagua. Ukitangatanga utaingia mahali pa wengine, pengine hata mahali pa meli au ndege, na kwa kosa hilo mkaguzi hana msamaha.

Mtambo wetu ulipoanza kusema, tulihitaji mtu wa mbali wa kutuambia tunasikikaje. Kwa karibu huwezi kujua. Redio iliyo chumba kimoja na mtambo huzibwa na nguvu ya mtambo wenyewe, kama mtu anayepigiwa kelele sikioni. Bwana Mpima alimfahamu mshona nguo mmoja wa Iringa, mzee ambaye babu yake alitoka pwani na misafara ya biashara, mwenye redio kubwa ya betri dukani kwake. Mzee akakubali kutusikiliza kila Jumamosi saa tisa alasiri. Leseni hakuwa nayo, kwa hiyo sisi tulisema, na yeye alijibu kwa basi la Jumatano. Nilichapisha kadi kwa mashine ya shule, kila moja na nafasi ya tarehe, saa, na swali moja: "Mmetusikiaje?" Chini yake mstari mmoja wa kujibia.

Zilifika kadi saba. Zote saba zilisema vizuri sana, tunashukuru, salamu kwa wote.

Bwana Mpima alisimama mbele ya ukuta ule, mikono nyuma. "Mwalimu," akasema, "hata redio ya serikali haisikiki vizuri sana kila Jumamosi."

"Labda Iringa hewa ni nzuri, Bwana," fundi akajibu. "Au labda sauti yangu ndiyo nzuri. Mimi nimeimba kwaya."

Tulicheka, lakini maneno ya Bwana Mpima yalibaki nami. Shule ilipofunga, wiki nne kabla ya mkaguzi kufika, nilipanda basi kwenda Iringa. Tulipita Mafinga kwenye ukungu mzito, nikashuka nikiwa na vumbi mpaka masikioni, na Jumamosi saa tisa kasorobo nilikuwa nimeketi kwenye benchi dukani kwa yule mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za Mbeya?"

"Nzuri. Habari za hapa?"

"Nzuri kabisa. Karibu chai."

Saa tisa kamili sauti ya fundi ikaingia, nene na safi, ikiita Iringa. Kilomita zaidi ya mia tatu za milima na misitu, na mtu aliyekaa nyuma ya gereji yake anasema nami kama yupo chumba cha pili. Nikafikiri, Bwana Mpima amekosea, kila kitu ni kizuri kama kadi zilivyosema.

Baada ya dakika tatu sauti ilianza kukoroma. Kisha ikawa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, halafu ikapotea. Mzee hakuinua hata macho kutoka kwenye suruali aliyokuwa akiishona. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye kitufe cha redio, ukakizungusha kidogo, fundi akarudi. Dakika chache, akapotea tena. Mkono ukaenda tena. Nilisogea nikaona kwamba kwenye kioo cha redio mzee alikuwa amechora alama za penseli, moja baada ya nyingine, zikielekea kushoto.

"Mzee, hizi alama ni za nini?"

"Ni njia yenu. Mnaanzia hapa, mnapumzika hapa, mnapita hapa, mpaka ikifika saa tisa na nusu mko huku. Siku hizi nawajua, hamnipotei."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Niliweka kikombe chini. "Lakini kadi zako, Mzee. Uliandika vizuri sana."

Akaacha kushona. "Mwalimu, ukinikuta njiani ukaniuliza habari za nyumbani, nitakujibuje?"

"Nzuri."

"Hata kama upepo umeezua paa langu?"

"Utasema nzuri, ila upepo umeezua paa."

"Naam. Sasa kwenye kadi yako, hilo paa ningeliandika wapi?"

Nilitoa kadi mfukoni nikaitazama. Mstari mmoja. Salamu na shukrani ziliujaza wote.

"Ungeweza kugeuza upande wa pili," nikasema, nikijua ninajitetea.

"Upande wa pili mmechapisha anwani yenu. Mimi nilisubiri muulize mara ya pili, kama watu wanavyouliza. Hamkuuliza. Nikasema, hawa wa Mbeya wana haraka."

Hakusema kwa ukali. Alinimiminia chai nyingine. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye miaka kumi na miwili ya kutunga maswali ya mtihani, na nilikuwa nimetunga swali ambalo mtu mwenye adabu asingeweza kulijibu mpaka mwisho.

Niliporudi Mbeya nilichapisha kadi mpya. Juu, mstari wa "Mmetusikiaje?" kama zamani. Chini yake neno "Ila", na mistari mitatu mitupu.

Fundi akazitazama. "Mistari mitatu. Umetutafutia matusi."

Mzee aliijaza yote mitatu, na alipokosa nafasi alizunguka pembeni. Tumewasikia vizuri sana, tunashukuru. Ila mnahama kuelekea kushoto tangu mwanzo hadi mwisho. Ila siku za jua mnahama kidogo, siku za baridi mnahama sana. Ila bwana anayeongea anakula kitu.

"Ni karanga," fundi akasema. "Amezisikia vipi?"

Lakini mimi nilisoma ule mstari wa baridi mara tatu. Kama umewahi kuona ngoma ikiwambwa, unajua kwamba huwekwa karibu na moto ili ngozi ikaze, na sauti yake hubadilika kadiri joto linavyobadilika. Shaba nayo hufanya hivyo. Ikipata joto hutanuka, na sauti yako huhama hewani. Joto la vali zenyewe tulilijua, tukatoboa debe matundu. Ila kwa nini siku za baridi tuhame zaidi, wakati chumba chenyewe ni barafu? Ilipaswa kuwa kinyume.

Nilipiga magoti nikachungulia chini ya meza. Pale palikuwa na jiko la mkaa.

Mbeya mwezi wa Julai si mchezo. Ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza, vidole havishiki kalamu. Kila Jumamosi ya baridi, kabla ya kuanza, mmoja wetu aliwasha jiko, akafungua mlango kidogo moshi utoke, akalisukuma chini ya meza ili msemaji apate joto miguuni. Juu ya jiko, ubao wa meza. Juu ya ubao, debe la biskuti. Tulikuwa tunamchemsha mnyama wetu wa debe wakati wote na kushangaa kwa nini hatulii.

"Kwa hiyo sisi tufe kwa baridi ili Iringa wastarehe?" fundi akauliza nilipolitoa jiko nje.

"Lete blanketi."

"Na karanga?"

"Karanga ziko kwenye kadi."

Tulihamishia debe kwenye rafu ya ukutani, mbali na miguu na pumzi za watu. Mtambo tukauwasha nusu saa kabla ya kusema neno lolote, ili uhame mapema, ukiwa kimya, mpaka uchoke kuhama. Wanachama walikuja wamejifunika mablanketi, wengine mawili, mkutano ukawa kama wodi ya hospitali. Kadi iliyofuata ilisema tumehama mara moja tu, mwanzoni. Ile ya baada yake ilisema hatukuhama, ila mwalimu akiongea hutoa sauti puani.

Mkaguzi alipita Iringa kwanza. Jumamosi ile alikaa dukani kwa mzee na redio yake mwenyewe yenye kipimo, na sisi Mbeya tukarusha nusu saa nzima bila kujua huko kunaendaje. Nilisoma habari za kilimo cha kahawa kutoka gazeti, kwa sauti ya mdomoni kadiri nilivyoweza. Bwana Mpima aliketi kando yangu na mikono katikati ya magoti, na safari hii hakunitazama hata mara moja.

Barua ya mzee ilikuja na basi lilelile lililomleta mkaguzi Jumatatu, lakini kondakta aliyebeba barua alishuka haraka kuliko mkaguzi mwenye mizigo, nikaisoma kabla ya kumsalimu mgeni. Mzee aliandika: "Sikusikiliza maneno yako, unisamehe. Nilikuwa natazama vidole vya mkaguzi tu. Aliweka kitufe saa tisa, kisha akakaa. Vidole havikusogea mpaka ulipoaga."

Ukabaki mtihani. Nukta na mistari nilivipokea bila shida, maana vidole vyangu havikuwa vimelala tangu vitani. Kisha mkaguzi akaniuliza ni kitu gani kinaweza kufanya mtambo uhame mahali pake. Nikamweleza. Nilianza na ngoma, nikaenda kwenye shaba, nikapita kwenye vali, nikafika kwenye jiko la mkaa, na nilikuwa naelekea kwenye mablanketi alipoinua mkono.

"Inatosha, Mwalimu. Nimeuliza swali moja."

Leseni ilifika wiki ya mwisho kabla Bwana Mpima hajaondoka. Aliishika, akaisoma yote pamoja na masharti madogo ya nyuma, akanirudishia. Kisha akainuka kutoka kwenye kiti kile cha kando, akakisogeza ukutani, akasema ana mizigo ya kufunga. Aliondoka Jumanne.

Jumamosi iliyofuata nilikaa mbele ya mtambo, wenzangu saba nyuma yangu na mablanketi yao. Baada ya kuwasalimu Iringa nilifanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya kwa leseni yangu mwenyewe. Niliita yeyote aliyeko hewani. Niliita, nikaachia swichi ya kusemea, nikasikiliza mvumo. Nikaita tena. Mara ya tatu kukatokea sauti nyembamba, ya mbali, ikanitaja kwa herufi zangu mpya, zile za leseni zinazonitambulisha hewani. Ikasema iko Tabora.

Tuliongea kama dakika sita. Aliniambia mvua bado, nikamwambia huku baridi inaanza kupungua. Aliuliza watoto wangu wangapi, nikamtajia, naye akanitajia wa kwake, na kwamba wa mwisho anaota meno na hawalali. Kisha sauti yake ikafifia katikati ya sentensi, nikaandika saa kwenye daftari.

Fundi alikuwa ameinama juu ya bega langu tangu mwanzo. "Nani huyo?"

"Simjui."

"Humjui, na amekueleza meno ya mtoto wake?"

"Ndiyo."

Akavuta kiti kilichokuwa ukutani, akakaa kando yangu. "Basi mwite mwingine," akasema.