Mama Mkwe Kwenye Breki

Fundi umeme wa magari wa mtaa wetu, mdomo wake hauna breki, mumewe anajua. Jana taa za breki za gari lake la kuvuta magari mabovu ziligoma. Kumbe mume, kwa kupenda urembo, kapaka rangi mpya mpaka pale waya unaposhika bodi, umeme ukakosa njia! Fundi akafoka, akakwangua rangi, akafunga waya upya. Mume keshatoroka, ikabidi mama mkwe wake apande akanyage breki.

"Kanyaga, mama yangu."

Taa hazikuwaka.

"Tena, mama, tafadhali."

Wapi! Fundi akauzuia mdomo wake, akachungulia mlangoni.

"Samahani mama, hiyo ni klachi."

"Mbona hukufoka? Nilivyosikia upole, nikajua zinawaka!"