Vigingi Nilivyovihamisha Ufuoni

Ipo asubuhi moja, mwanangu Neema, ambayo sijawahi kukusimulia, na leo nakusimulia. Jumapili ulipopita hapa kwangu baada ya kanisa, ukanionyesha michoro ya nyumba ya wageni ambayo kampuni yenu inataka kuijenga pwani, kaskazini ya Durban, ulikuwa umeudhika. "Eish, mjomba, afisa wa hifadhi amerudisha michoro tena," ulisema. "Anataka jengo lirudi nyuma. Bosi anasema nitumie ramani ya zamani, ile inayoonyesha ufuo ukiwa mpana." Sikukujibu. Nilikumiminia chai nikakuuliza habari za mama yako, nawe ukaondoka ukidhani mzee hakusikia vizuri. Nilisikia. Ni aibu ndiyo iliyonifunga mdomo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mpima ardhi mpya, nimeajiriwa na mkandarasi mmoja kusini ya Mombasa. Tulikuwa tunamjengea tajiri mmoja wa bara, naye alitaka ukuta wa zege karibu kabisa na maji ili bustani yake iwe kubwa. Afisa wa mazingira wa wilaya alikuwa mama mwembamba mwenye sauti ya chini, Bi Zainabu. Alikuja kwa miguu na mkanda wake wa kupimia. Alingoja bamvua, siku ile bahari inapopanda kuliko siku nyingine zote, akahesabu hatua kutoka yalipofika maji mpaka nchi kavu, akapigilia vigingi vinne vya mti.

"Msijenge mbele ya hapa," aliniambia. "Mchanga huu huenda na kurudi. Unahitaji nafasi."

Nilimwitikia kwa heshima zote. Kesho yake mkandarasi akasema tajiri anakuja mwisho wa wiki, na vigingi vile vitamchafua roho. Hakuniagiza nivihamishe, aliniangalia tu. Nami nilitaka kupendwa, mwanangu. Nilitaka isemwe kwamba kijana huyu anaijua kazi. Asubuhi, kabla mafundi hawajafika, niling'oa vigingi vyote vinne, nikavipigilia hatua ishirini mbele, upande wa maji, nikafukia mashimo ya mwanzo kwa kiatu. Haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai.

Ukuta ukasimama, na ulikuwa mzuri, sikatai. Jirani yetu alikuwa mjane aliyetupikia chakula cha mchana, Mama Kibibi. Mimi aliniwekea kipande cha samaki cha ziada, akisema nimekonda kama mtu asiye na mama. Basi msimu wa upepo wa kusi ulipoanza, mawimbi yaligonga ukuta yakarudi kwa nguvu, yakizoa mchanga. Mbele ya ukuta pakachimbika, kisha maji yakazunguka ukingo wake na kuanza kula upande wa Mama Kibibi. Kila wiki ufuo wake ulipungua. Siku moja tulifika kazini tukamkuta amesimama nje, sufuria mkononi, jiko lake limeporomokea baharini.

Hakulia. Aliniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Bahari imenikasirikia nini?"

Nilisema sijui.

Wiki hiyohiyo nikasikia Bi Zainabu ameitwa na wakubwa wake aeleze kwa nini alipima vibaya. Nilimfuata ofisini, na kabla sijakaribishwa kiti nikasema, "Bi Zainabu, vigingi nilivihamisha mimi."

Aliweka kalamu chini. "Nimerudi kule mara tatu kupima," alisema. "Nilianza kudhani macho yangu yamezeeka, au akili. Barua ya kuomba kustaafu hii hapa, nimekwisha kuiandika. Kazi hii nimeifanya maisha yangu yote, nawe umenifanya nisijiamini."

Nilimwomba radhi. Hakusema kwamba amenisamehe. Alinisogezea karatasi. "Andika yote, na jina lako. Ukimaliza, nenda ukamwambie Mama Kibibi kwa mdomo wako."

Niliandika, nikaenda. Mama Kibibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula. Nililia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu.

Kazi niliipoteza. Tajiri alibisha miezi kadhaa, lakini mwishowe ukuta uliamriwa ubomolewe, nami nikaenda kushika nyundo pamoja na mafundi. Mafundi haohao walimjengea Mama Kibibi jiko jipya, mbali na maji. Bi Zainabu aliichana barua yake, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alinipa ncha ya mkanda wake nishike. Miaka miwili nilitembea naye fukwe zile, tukipima na kupanda miti ya mivinje ya kushika mchanga. Mchanga ulirudi polepole sana, lakini ulirudi. Yote niliyowafundisha wanafunzi wa chuo baada ya kuhamia hapa Braamfontein, mpaka nilipostaafu, niliyapata kwake. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani nilipita pale. Wajukuu wa Mama Kibibi walikuwa wakicheza mpira mahali ambapo maji yalikuwa yakinifika kiunoni.

Basi nasaha yangu ni hii. Hiyo ramani ya zamani usiitumie, na umwambie bosi wako hivyo kwa adabu, bila kuzunguka. Omba siku mbili ushuke pwani. Mtafute yule afisa, utembee naye maji yakiwa yamejaa, umuulize ameona nini miaka yote aliyokaa pale. Hakuchukii, anaujua ufuo ambao wewe umeuona kwenye karatasi tu. Kisha chora upya. Una mkono mzuri, na nyumba yako itapendeza hata ikirudi nyuma. Na kama ramani ile umekwisha kuituma, omba irudishwe leo. Usikae na siri hiyo moyoni kama nilivyokaa mimi, mpaka jiko la mtu likaenda. Wakikufukuza kazi kwa sababu hiyo, njoo kwangu, tutakula kilichopo na tutatafuta nyingine.

Mungu akupe ujasiri wa kusema kweli ungali kijana. Akujalie wakubwa watakaokurekebisha bila kukutupa. Na kila nyumba utakayoichora, waliomo walale kwa amani, na majirani zao pia. Amina, mwanangu.