Kanga za Ziwani

Macho yangu hayajui kutulia. Nikiwa jikoni Mikindani nakoroga mchuzi, nikisikia geti la jirani linalia, mwiko nauacha humo humo nikachungulie nani kaingia. Dada yangu husema ipo siku nitaunguza nyumba. Na aseme. Kuangalia watu ndiyo starehe yangu, wala sijawahi kumwibia mtu kitu kwa kumtazama.

Basi binti wa dada alipoletewa posa, nikatumwa mimi. Kwetu posa haipokelewi hivi hivi. Mtu huenda kwanza kimya kimya akaone huko kwa mwanaume kukoje. Kijana mwenyewe karani wa bandarini, mpole, anaishi Ziwani na mama yake. Alisema mama ni mgonjwa kidogo, basi. Binti alikuwa anampenda, kakonda kwa kungoja jibu. Nikakodi bodaboda, nikajifanya natafuta nazi za jumla.

Nilichokiona kikaniwasha. Kamba ya uani imejaa kanga mbichi, nyingi kuliko anazoweza kuvaa bibi mmoja. Dirisha la nyuma lina pazia, limefungwa mchana kweupe. Jirani aliyeniuzia nazi akasema kanga huanikwa kila siku, lakini anayezivaa hajamwona. Nikazipiga picha kwa simu, nikamtumia dada kabla sijapanda pikipiki: huyu ana mke, kamficha ndani. Dada akasema Ijumaa posa inarudi kwao. Binti hakubisha. Aliingia chumbani akafunga mlango, tukamsikia analia.

Hapo ningeridhika. Wapi! Nilikuwa nimeona kanga, mwenye kanga sijamwona, na hilo lilinikera kama mwiba wa samaki kooni. Nikifagia nawaza sura yake, nikifua nawaza sura yake. Alhamisi nikaenda tena bila kumuaga mtu.

Nilishuka mbali, nikapita kwenye mihogo, nikapanda juu ya tofali chini ya lile dirisha. Pazia lilikuwa na upenyo. Mke hakuwepo. Kitandani kalala bibi, mwembamba, miguu haisogei, na kijana kakunja mikono ya shati anamwogesha kwa kitambaa. Akifunua hapa, anafunika pale. Kanga iliyoloa mkojo iko kwenye beseni, safi kaitundika begani. Anamsimulia vituko vya bandarini, na bibi anacheka. Ningeshuka. Sikushuka. Nilitazama, na Mungu anisamehe, niliona raha kutazama, mpaka bibi akaniona, akageuzia uso ukutani.

Kijana hakupandisha sauti. Alimfunika mama yake mpaka kidevuni kwanza.

"Mama," akaniambia mimi wa dirishani, "kama umemaliza kuangalia, njoo unisaidie kumgeuza."

Jamani, aibu ile! Ningeweza kukimbia, lakini nilizunguka nikaingia. Nikamwamkia bibi, hakuitikia. Mimi nikashika bega, kijana akashika kiuno, tukamgeuza. Alikuwa mwepesi mno. Tulipotoka uani, kijana akaniambia ni mama aliyekataza watu waambiwe. Enzi zake alikuwa mwanamke wa kupendeza, hakutaka aonekane hivyo. Hakuniuliza nimetumwa na nani. Nadhani alijua.

Nyumbani niliwaambia nimekosea: mke hakuna, zile kanga ni za mama yake, hawezi kuinuka. Dada akaja juu, mwanawe aende kuolewa au kuuguza? Binti akanivuta pembeni, akataka nimweleze yote niliyoyaona. Mimi huyu, ambaye hata paka wa jirani akizaa natangaza mtaa mzima, mdomo ukagoma.

"Nenda mwenyewe," nikamwambia. "Ila upige hodi."

Akaenda Ijumaa asubuhi. Nilishinda mlangoni, mara nimekaa, mara nimesimama, kila bodaboda ikipita nanyoosha shingo. Alirudi alasiri, pindo la gauni limeloa, ananukia sabuni. Akamwambia mama yake posa ipokelewe, na kama ni kuuguza atauguza. Dada akasema haya, akaniambia nikatenge chakula. Sikutenga. Nilimfuata binti uani alikokwenda kuanua nguo. Bibi alimtazama? Alimwitikia? Walizungumza nini muda wote huo?

Aliendelea kukunja kanga, hana haraka.

"Mama mdogo," akasema, "hayo ni yetu watatu."