Bakuli Lililonifikia Auderghem

Mama hakunituma Brussels kutalii. "Wewe ndiye uliyemficha mwenzio, basi nenda wewe," aliniambia tukiwa nyumbani Kigoma. Mdogo wangu Zawadi, anayehudumia wagonjwa huko, alikuwa hajapiga simu miezi tisa, tangu baba afariki. Baba alipokuwa hoi, mimi niliamua asiambiwe, asije akaacha kazi na kukimbilia nyumbani. Alipata habari tumeshazika.

Jumatano asubuhi nilitua nimevaa sweta mbili na bado meno yaligongana. Zawadi alinipokea, akanibebea begi, akauliza safari ilikuwaje. Ni hayo tu. Kwenye treni alitazama nje, mimi nikasoma matangazo nisiyoyaelewa, maana kukaa kimya siwezi.

Ganshoren, anakoishi, kumetulia kupita kiasi. Siku tatu nilifua nguo zisizo chafu na kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Zawadi alikwenda hospitali kule Jette, akarudi, akala kidogo, akalala. Mwenzake wa nyumba, Maman Furaha, Mkongo wa Bukavu, alinionea huruma.

"Bon, dada, utamaliza carrelage, hivi vigae vya chini, na miguu," alisema. "Dimanche twende Auderghem, kwa ma-bouddhiste. Zawadi anaendaka kila semaine."

"Kila wiki? Amebadili dini?" Niliweka kikombe chini.

"Sijue. Mimi niko catholique, na naendaka. Pale muntu anasema, bengine banasikiliza tu, hakuna mwenye kumukata. Lakini Zawadi, hata siku moja hajasema."

Jumapili mchana tulipanda tramu, kisha metro. Nyumba yenyewe ni ya kawaida, karibu na msitu. Ndani mlikuwa na sanamu ya Buddha, mito ya kukalia, na watu kama kumi na watano waliovua viatu. Tulikaa kimya nusu saa. Pua iliniwasha, goti likafa ganzi, na kosa langu likapata nafasi ya kunisemesha.

Kisha mtawa wao, bibi wa Kibelgiji aliyenyoa kichwa, akagonga kengele. "Sasa anaanza hadisi," Maman Furaha akaninong'oneza. Kwetu msimulizi haachwi aanze peke yake. Mdomo ukaniponyoka: "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!"

Wote wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Zawadi akacheka, kicheko kile kile cha jioni baba alipokuwa akitusimulia.

Mtawa akatabasamu, akaanza kwa Kifaransa, Maman Furaha akinitafsiria. Ndege aliruka mbali kutafuta punje, akarudi akakuta mti wenye kiota chake umeanguka. Hapo akakatisha, akatoa bakuli la udongo. Maman Furaha alinieleza: Buddha alifundisha kwa hadithi, nao hufanya hivyo, ila mwisho kila mtu hutia wake. Mwenye bakuli ndiye husema. Wengine hawajibu mpaka liwafikie.

Siku zote Zawadi hulipitisha. Siku ile alilishika. Alisema kwa Kiswahili, mbele ya watu ambao, ukitutoa mimi na Maman Furaha, hawakujua hata neno.

"Yule ndege alikuwa na dada. Dada aliuona mti unaoza. Kila wiki ndege aliuliza, mti unaendeleaje? Dada akajibu, mzima tu. Ndege hakulilia mti peke yake. Alilia kwa kuwa alinyimwa kuuaga."

Nikafungua kinywa nijitetee. Maman Furaha akanifinya paja. Tangu Zawadi azaliwe, sikuwahi kumsikiliza mpaka mwisho. Kila mara nilimjibu kabla hajamaliza. Kisha akaniwekea bakuli mapajani.

Visingizio vyote nilivyotoka navyo Kigoma nilikuwa navyo, nikaviacha. "Yule dada alijua," nilisema. "Alikosea. Anaomba radhi." Nikalia mbele ya wageni, miguu mitupu.

Wiki iliyofuata Zawadi alinisindikiza uwanja wa ndege. "Sijapoa, dada," alisema. "Lakini nitapiga simu."

Jumapili jioni, Kigoma, simu ikalia. Zawadi alianza, "Mama, mimi..." na mama akamrukia kwa maswali kumi na kilio juu yake. Nikamgusa paja.

"Mama," nikamwambia, "mwache amalize."