Kikohozi cha Mama

Sista wa wadi alimwambia mama mbele yangu: "Kohoa kwa nguvu, kila mara, hata ukisikia uchungu. Makohozi yakilala kwa mapafu yatakurudisha hapa." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye utamkumbusha."

Mama alikuwa ametolewa uvimbe kwenye taya. Madaktari walichukua nyama ya kifua wakaipandisha hadi shavuni kuziba pengo, kwa hivyo kila kikohozi kilivuta mshono. Alikuwa akikumbatia mto, anakohoa, machozi yanamtoka.

Nyumba yetu ya Kawangware, nyuma ya steji ya 56, ni ya mabati. Jirani akigeuka kitandani tunamsikia. Siku moja kwenye foleni ya maji, msichana wa ploti yetu akaniita: "We, mamako amekonda hivyo na anakohoa hivyo, si ni ule ugonjwa?" Wenzake wakacheka. Mmoja akavuta mtungi wake mbali na wangu. Nilichota maji nikaenda.

Nyumbani nikamwambia mama, "Usikohoe sana. Watu wanasikia."

Aliniangalia tu. Mdomo ulikuwa bado umevutwa upande, maneno hayatoki vizuri. Tangu siku hiyo kikohozi kikimjia alikimeza. Na mimi niliyeachiwa kumkumbusha niliupenda ule ukimya. Nilifanya kazi ya shule, nikalala vizuri.

Mama mdogo alipotoka Sarang'ombe kuja kumwona, hata salamu hakumaliza. Alimgusa kwa paji, akainamisha sikio kifuani.

"Wee! Mwili ni moto, na pumzi inakoroma kama kuna maji ndani. Kwani huyu amekuwa hakohoi?"

Nikasema sijui.

Ilikuwa nimonia. Tulimrudisha wadi, wakamtia mpira wa hewa puani. Sista akamkalisha, akampigapiga mgongoni, akanipa mto nimshikie kifuani. "Mwambie akohoe." Nikaushika mto tu. Sista akarudia. Ndipo nikapaza hadi vitanda vyote vikageuka: "Mama, kohoa!"

Akakohoa.

Sasa ako nyumbani, na anapumua vizuri. Nilichomwambia siku ile hajamwambia mtu, hata mama mdogo. Kikohozi kikija ninafungua mlango wazi, ploti nzima isikie, nampa mto.

Lakini kabla ya kukohoa, bado ananiangalia kwanza.