Isale la Anjela

Ndizi zikichemshwa hadi zikawa nyekundu, zikaachwa kwenye pipa siku kadhaa, kisha uji wa ulezi ukamiminwa humo, hiyo ndiyo mbege yetu, na kabla haijawa pombe huwa na harufu tamu inayokaribia kuchefua, inayoganda kwenye nywele. Rafiki yangu Anjela alikuwa nayo kwenye nywele. Sisi tuliokaa naye dawati moja tulishaizoea, ila wengine walimwita Pipa, naye alicheka pamoja nao, maana alikuwa na tabia ya kuwahi kucheka kabla hajachekwa. Baba yake alishafariki, mama akaolewa kwingine, akalelewa na baba yake mdogo, Baba Eliya, mwenye kilabu cha mbege chini kidogo ya parokia, huko kwetu Kirua Vunjo. Hakuwa mtu mbaya, nalisema mapema. Viatu vya Krismasi alimnunulia Anjela kwanza, ndipo wanawe. Ila mkewe aliumwa mguu mwaka ule, na mikono ya kukoroga mbege na kuwagawia wanywaji ikawa ya Anjela.

Tulikuwa darasa la saba. Ndipo akaja Kaka Faraja kutoka Moshi mjini, kijana mwembamba mwenye begi la vitambaa na ngoma mbili, akawa anatukusanya kila Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia kutufundisha maigizo. Karatasi zake zilisema sisi ni watoto tunaoishi katika mazingira hatarishi. Tukadhani anasema lile korongo tunalovuka kwenda shule, tukamtoa wasiwasi kwamba hakuna aliyewahi kuanguka. Alicheka mpaka akakaa chini. Maigizo yake yalikuwa na namna yake: mchezo unafika pale pabaya kabisa, yeye anapiga ngoma mara moja, wachezaji wote mnaganda kama sanamu za kanisani, halafu anawageukia watazamaji: "Ingekuwa wewe, ungefanyaje?" Mwenye wazo anapanda, anajaribu, mchezo unaendelea kwa njia yake. Jamani, nililipenda jambo lile! Usiku nililala nikiwaza kumbe ubaya unaweza kusimamishwa kwa ngoma moja, watu wakafikiri kwanza.

Matokeo yalipotoka tulikuwa tumefaulu wote wawili. Mama yangu akanishonea sketi ya bluu. Baba Eliya yeye akamwambia Anjela asubiri kidogo, mpaka mguu wa mama yake mdogo upone. "Shule haikimbii," alisema. Lakini sisi tulishawaona wasichana walioambiwa wasubiri kidogo. Walikuwa bado wanasubiri, wengine na watoto mgongoni. Kwa hiyo Kaka Faraja alipouliza tuigize nini siku ya pili ya Krismasi, Anjela hakungoja mtu. "Tuigize mimi," alisema. Akacheza yeye mwenyewe, nami nikawa baba mdogo, ndani ya koti la babu yangu lililonifika magotini, na sharubu za nyuzi za mgomba zilizoniwasha kuliko upupu.

Wachagga wote hurudi nyumbani Krismasi, kwa hiyo uwanja ulijaa watu wa Dar na wa Arusha na magari yao, na wazee wetu wamekaa mbele kwenye viti vya parokia, Baba Eliya akiwa miongoni mwao na kofia yake mpya. Tulicheza vizuri. Watu walicheka nilipojikwaa kwenye koti. Tukafika pale ninapomvua Anjela begi la shule na kumkabidhi ndoo, ngoma ikalia, tukaganda. "Ingekuwa wewe, ungefanyaje?" Hakuna aliyepanda. Nilisubiri. Watu wazima wote wale, wengine walimu, wengine wenye vyeo huko mjini, na mmoja alikohoa, mwingine akatazama viatu vyake. Ndipo chini ya sharubu nikamnong'oneza Anjela: "Isale! Kachume isale!"

Kwetu isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba. Ukilikunja fundo ukampelekea mtu, hawezi kukukatalia. Hata waliomwaga damu walipatana kwa jani hilo. Anjela akakimbilia uani, akalichuma, akalikunja, akanipigia magoti. Nami nikatupa ndoo, nikalia machozi ya kweli, nikasema kwa sauti nene, "Nenda shule, mwanangu!" Vigelegele vilipanda mpaka nadhani kilele cha Mawenzi kilisikia. Sikumtazama Baba Eliya. Laiti ningemtazama.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwake, mimi nikiwa nimemshika Anjela mkono, naye na isale lake bichi. "Shikamoo, baba," tukasema pamoja. Alikuwa amekaa mlangoni pa kilabu. Akalipokea lile jani kwa mikono miwili, kwa heshima, akalitazama sana.

"Nimefurahi umelijua kosa lako," akasema taratibu. "Kunianika mbele ya watu waliotoka Dar, mwanangu, nikiwa nimevaa kofia! Sikulala. Lakini isale halikataliwi. Nimekusamehe, yameisha. Sasa kalete ndoo, wageni wanataka kuonja."

Tukasimama kama tumepigiwa ngoma. Mimi, mwenye wazo, nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa Kichagga analijua: isale hubebwa na aliyekosa. Na mtu akishasamehewa harudi tena kudai. Mchezea tope humrukia, ila lile tope langu lilimrukia Anjela. Kaka Faraja alipanda kwenda kuzungumza na Baba Eliya, alikaribishwa vizuri, akapewa bakuli la mtori, akaambiwa, "Tumekuelewa, mwalimu." Januari hakuja tena. Mradi wake ulikuwa umeisha. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku ya kufungua shule nilivaa sketi yangu mpya, na ili nisipite mbele ya kilabu nikashika njia ya korongoni, nikaanguka.

Leo nashona nguo Moshi mjini, karibu na hospitali ya Mawenzi. Niliishia kidato cha nne. Jumamosi nawashonea mavazi watoto wa kikundi kimoja cha maigizo, na bado moyo wangu hurukaruka ngoma ikilia, bado naamini atapanda mtu. Watoto wana miisho mizuri sana. Nikiisikia, nabana pini mdomoni na kuendelea kushona. Krismasi iliyopita nilipanda nyumbani, nikachuma isale mpakani mwa kihamba chetu, nikalikunja, nikalipeleka kilabuni. Baba Eliya amezeeka, mguu wa mkewe haukupona, na Anjela ndiye mwenye pipa sasa, mikono imekomaa. Nikampa. Akaligeuzageuza.

"Nani kakukosea, we Upendo?"

"Mimi ndiye nimekosa. Wazo lilikuwa langu."

Akawahi kucheka, kama zamani, halafu akaacha. Akalichomeka lile jani ukutani, juu ya pipa.

"Nilishakusamehe siku ileile," akasema. "Shika huku basi, ndoo nzito."

Nikashika.