Kibali cha Kufa

Baba yangu ni Mnyamwezi wa Tabora, mama ni Mndengereko wa Mohoro, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za wapagazi waliobeba mizigo kichwani kuja pwani. Maana yake mimi ni mtani wa nafsi yangu. Nikijikwaa najicheka, na mila inaniruhusu.

Baba alikuwa polisi. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia huko visiwani kwenye delta ya Rufiji, ambako kabla hujamfukuza mhalifu lazima kwanza uulize maji yamekupwa au yamejaa. Mshua hajui kuogelea. Alikuwa anavaa jaketi la kuelea tangu nyumbani, anatembea nalo njia nzima mpaka kwenye boti, na watoto wanatoka nje kumtazama kama wanavyotoka kutazama maulidi.

Siku moja alikuwa anamfukuza fundi mitumbwi aliyekata mikoko bila kibali. Maji yakakupwa yote, boti ikakaa kwenye tope. Mtumbwi wa fundi nao ukakaa kwenye tope, hatua chache tu mbele. Hakuna wa kukimbia, hakuna wa kukamata. Basi wakasalimiana. Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mpunga. Maji yalipojaa, fundi akapanda boti ya polisi mwenyewe, akaenda kufungwa. Baba anaipenda hadithi hiyo kuliko zote, na kila akiisimulia lile tope linaongezeka kina.

Ila kuna kitu kimoja alikuwa hakisimulii. Katika maisha yake yote ya kazi huku Rufiji, hakuna mtu aliyewahi kumtania. Mnyamwezi mzima, katikati ya watani zake! Wanyamwezi wengine wakipita sokoni, hata wakija msibani, wanatukanwa mpaka wanafurahi. Baba akipita, watu wanasema "Shikamoo afande," wananyamaza. Mjomba wangu mmoja, mkubwa kwake kwa umri, naye alimwamkia shikamoo. Siku hiyo baba alirudi nyumbani hana raha, akakataa hata chai.

Mwaka huu akastaafu. Mama ana kiwanja Kibiti, na nyumba ilishafika usawa wa madirisha, lakini baba akasema tukifunga shule tunahamia Tabora.

"Askari hazeekei alipokamatia watu," alisema. "Nitaishi hapa kama nani?"

"Kama mume wangu," mama akamjibu. "Au cheo hicho nacho umestaafu?"

Mimi niko kidato cha tatu. Rafiki zangu wote wako hapa, na walimu wameshazoea ujinga wangu. Tabora nitaanza upya kumzoesha nani? Mbaya zaidi, jirani wa kiwanja chetu alikuwa nani? Yule yule fundi. Alipotoka jela alihamia Kibiti, anatengeneza vitanda. Kila baba akienda kuangalia ujenzi, fundi anasema "Shikamoo afande," anaingia ndani.

Halafu mama yake fundi akafariki.

Mama akasema jirani amefiwa, lazima twende wote. Baba alipiga pasi shati lake jeupe kana kwamba anakwenda kwenye gwaride. Tulipofika, wanaume wote walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka. Walipomwona wakasimama, wakamletea kiti. Kiti kimoja, cha plastiki. Akakaa pale juu peke yake kama mgombea aliyekosa wapiga kura, na maongezi yakakatika.

Mimi nilikuwa upande wa jikoni na wanawake, namenya vitunguu. Mama akaninong'oneza, "Huyu akikaa kwenye kiti kile mpaka mwisho, mwanangu, anza kufunga begi."

Nilimenya vitunguu huku nimemkazia macho baba. Alikaa. Akajifuta jasho. Akakaa tena. Mara akasimama, akavuta pumzi, na ikatoka ile sauti yake ya kituoni.

"Nani mwenye msiba hapa?"

Fundi akasimama. "Mimi, afande."

"Huyu bibi amekufa kwa kibali cha nani?"

Baba akashika kiuno, akaendelea.

"Safari ndefu namna hii, mtu hapiti kituoni kuaga? Nyie Wandengereko mmezoea kuondoka kimyakimya kama mamba. Basi leo hazikwi mtu!"

Kijana mmoja, mpwa wa fundi, akaruka kutoka mkekani, akachomoa karatasi mfukoni. "Afande, kibali cha mazishi tunacho! Hiki hapa, kina muhuri!"

Nikafumba macho. Nilipofumbua, fundi alikuwa anaitazama ile karatasi, halafu anamtazama baba. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Nikasema moyoni, hapa mshua anapigwa.

"Rudisha karatasi yako, mjinga we," fundi akamwambia mpwa wake. "Unadhani anayeuliza hapo ni afande? Huyo Mnyamwezi!" Kisha akamgeukia baba, sauti inakwaruza. "Mnyamwezi! Miaka yote unazunguka pwani yetu na mzigo kichwani. Tua mzigo, bwana, umefika!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Shangazi yake fundi, bibi kizee mwenye mgongo uliopinda, akachomoka jikoni mbio, akamfunga baba mikono kwa khanga.

"Uko chini ya ulinzi!"

"Kosa langu, mama?"

"Umekula samaki wetu mpaka ukaota mvi, halafu tunasikia unataka kutorokea Tabora!"

"Naomba dhamana."

"Dhamana iko kwenye masufuria. Twende!"

Basi baba yangu, sajini mstaafu, akachuchumaa kwenye majivu akasugua masufuria ya msiba, huku wanawake wanamwambia Wanyamwezi wanaoga mara moja kwa mwaka na yeye anawajibu kuwa Wandengereko hawalimi, wanausubiri mto uwalimie. Nilimsaidia kucheka. Kusugua hakuniomba.

Makaburini wanawake hatuendi, lakini niliwaona wakiondoka. Baba na fundi walikuwa mbele kwenye jeneza, bega kwa bega, na fundi alikuwa analia tena. Baba alikuwa na masizi mpaka shingoni.

Jioni nyumbani, mama alimwekea maji ya kuoga. Baba akazunguka zunguka, akakohoa.

"Ile nyumba," alisema, "choo umekipanga wapi?"

"Kwenye kona, upande wa kwa fundi."

"Kisogeze. Yule mtani akipata harufu moja tu, nitatukanwa mpaka nizikwe."

Mama alikuwa ameshaingia ndani kutafuta kamba ya kupimia.